Raki ya vifaa vya studio kwa mbao na chuma cha mtaani: vipimo, makosa na chumvi ya bahari

Studio nyingi za chumbani huku Kusini, iwe Shangani au Mikindani kwa upande wa Mtwara, iwe Mtanda au Mitwero kwa upande wa Lindi, hukua kwa mtindo mmoja. Kwanza meza, kompyuta na saundi kadi. Kisha amplifaya ya hedifoni inapandishwa juu ya saundi kadi, risiva ya maiki isiyo na waya inapandishwa juu ya amplifaya, na stebilaiza inasukumwa chini ya meza pamoja na fundo la nyaya. Hapo kila kifaa kinampika mwenzake kwa joto. Waya wa umeme unalala sambamba na waya wa maiki, spika zinanguruma, na siku jeki moja ikilegea inabidi ubomoe mnara mzima ili uifikie.

Dawa yake ni raki, yaani fremu au kasha lenye reli mbili za matundu ambamo vifaa hufungwa kwa bolti, kimoja juu ya kingine. Raki za kiwandani huagizwa Dar es Salaam, umbali wa kilomita 560 hivi hadi Mtwara, na kwa kuwa ni chuma kitupu, nauli ya mzigo inaweza kukukatisha tamaa kabla hata ya bei yenyewe. Masika nayo yana yake: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi pale Somanga, na mizigo ikasimama. Lakini ukiitazama raki vizuri, hakuna kitu ndani yake ambacho seremala na fundi wa kuchomelea wa hapa hawawezi kukitengeneza. Mbao zipo, chuma kipo. Kinachokosekana ni vipimo, na vipimo havilipiwi.

Vipimo: geuza futi kamba upande wa inchi

Kipimo cha raki kilizaliwa Marekani kwenye mitambo ya simu ya miaka ya 1920, na mpaka leo kinahesabika kwa inchi. Mafundi wengi huangusha kazi hapa: wanapewa namba za milimita zenye nukta, wanazikadiria, na baada ya matundu kumi kosa dogo limejikusanya hadi kifaa hakiingii. Kwa inchi, kila alama inaangukia kwenye robo.

Uso wa kifaa cha raki, kutoka sikio hadi sikio (yale mabawa mawili ya pembeni yenye matundu ya bolti), ni inchi 19, yaani milimita 482.6. Kimo huhesabiwa kwa yuniti, na yuniti moja, inayoandikwa 1U, ni inchi 1¾, sawa na milimita 44.45. Kifaa cha 2U ni inchi 3½. Kutoka katikati ya tundu la kushoto hadi katikati ya tundu la kulia ni milimita 465. Na nafasi ambamo mwili wa kifaa unapita, kati ya reli na reli, isipungue milimita 450.

Hiyo namba ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Fundi akiambiwa "inchi 19" anatengeneza kasha lenye upana wa ndani wa milimita 483 kamili, anafunga chuma cha pembe cha milimita 25 kila upande, na nafasi inayobaki katikati ni 433. Masikio yanakaa, mwili haupiti. Kwa hiyo mweleze hivi, neno kwa neno: "Fundi, ndani, kutoka ubavu hadi ubavu, nataka milimita 490. Chuma cha pembe kiwe 20 kwa 20, unene 3." Hesabu yake: 490 ukitoa 20 mara mbili inabaki 450. Masikio yanapata nafasi ya milimita tatu na nusu hivi kila upande, na katikati ya tundu inaangukia milimita 12.5 kutoka ubavuni.

Chuma cha 20 kwa 20 kikikosekana, nacho hukosekana mara nyingi kuliko cha 25, usilazimishe. Tumia cha 25, upanue kasha liwe milimita 500 ndani, na matundu yahamie milimita 17.5 kutoka ubavuni. Pembeni mwa masikio utaona mwanya wa karibu sentimita moja. Hauna madhara yoyote.

Reli

Kwa studio ya chumbani, 8U inatosha: saundi kadi ya 1U, amplifaya ya hedifoni, pachibei (ubao wa soketi za kuunganishia nyaya za sauti), risiva, trei moja ya vifaa vidogo, na nafasi tupu za kupumua. Reli ya 8U ina urefu wa inchi 14, yaani milimita 355.6. Kata mbili. Mita moja ya chuma cha pembe inatosha na kipande kinabaki.

Raki kamili ina matundu matatu kwa kila yuniti, lakini vifaa vya 1U na 2U hutumia la chini na la juu, kwa hiyo la katikati unaweza kuliacha. Weka alama zote kutoka ncha moja ya reli bila kuinua futi kamba. Usipime tundu kutoka tundu lililotangulia, maana hapo ndipo kosa linapozaliana. Alama ni hizi, kwa inchi: ¼, 1½, 2, 3¼, 3¾, 5, 5½, 6¾, 7¼, 8½, 9, 10¼, 10¾, 12, 12½, 13¾. Matundu 16 kwa kila reli, 32 kwa jumla. Ukiwa na kifaa cha 3U au zaidi, pima matundu ya masikio yake kabla ya kutoboa, kwa sababu vifaa vikubwa havifuati mpangilio mmoja.

Zifunge reli mbili pamoja kwa klampu, mgongo kwa mgongo, uzitoboe kwa mpigo mmoja, ili hata ukikosea nusu milimita, kosa liwe sawa kushoto na kulia na kifaa kikae bila kupinda. Piga senta panchi kila alama, toboa kwanza kwa biti ya milimita 3, kisha ya 5. Ukiruka hatua ya kwanza biti itateleza, hasa dreli ikiwa ya mkono. Tundu la milimita 5 ndilo linalokatwa hesi ya M6, yaani ile mikunjo ya ndani inayoshika bolti ya milimita 6: tia oili, zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, vumbi la chuma litoke. Anayekimbiza kifaa cha kukatia hesi bila kurudi nyuma hukivunjia ndani ya tundu, na kukitoa ni kazi kuliko kukata reli mpya.

Kama huna kifaa cha kukatia hesi, toboa milimita 7 na mpe fundi wa kuchomelea abandike nati za M6 kwa nyuma, nukta mbili tu kila nati. Wakati anachomelea, kila nati iwe imefungwa bolti ya zamani iliyopakwa grisi, la sivyo cheche zitaingia kwenye hesi. Nati zisizochomelewa nazo zinashika, ila nyuma ya reli spana haina pa kuzunguka, na utazichukia siku ya kwanza ya kubadilisha kifaa.

Bolti ni M6 za urefu wa milimita 16, zile zinazofunguliwa kwa spana namba 10, au za kichwa cha bisibisi ya nyota ukizipata. Kila kifaa kinakula nne. Nunua 30, na washa 30 za plastiki ili masikio yasichubuke rangi.

Kasha

Mbao laini za paini ni nafuu lakini hupinda unyevu wa masika unapoingia, na mchwa wanazipenda. Chipbodi achana nayo kabisa. Ikinyonya unyevu wa pwani inavimba kwenye kingo, na skrubu ikishatolewa mara mbili hairudi tena. Mninga na mkongo ni mbao za kudumu na mchwa huzisumbua kidogo, lakini kwa kasha ni nzito na ghali. Tunachopendekeza ni plaiwudi ya milimita 18, na bora zaidi ni ile ya marine yenye uso wa kahawia unaoteleza, inayotumika kumwagia zege. Gundi yake haiachii kwa maji. Ila huo uso unaoteleza haushiki gundi ya mbao, kwa hiyo mahali vipande vinapokutana ukwaruze kwa msasa namba 60 hadi mbao ionekane.

Vipande vya kasha la 8U ni vinne. Juu na chini: milimita 526 kwa 450. Mbavu mbili: milimita 362 kwa 450. Ubao wa juu na wa chini hulala juu ya ncha za mbavu, ndiyo maana 490 inaongezwa unene wa mbavu mbili na kuwa 526. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 ikipasuliwa kwa urefu mistari miwili ya milimita 450 inatoa makasha mawili, na ukanda wa sentimita 30 hivi unabaki wa kutengenezea trei na vikazo vya nyuma. Kama kuna mwenzako anarekodi kwaya au singeli mtaa wa pili, changieni karatasi moja. Kununua nusu karatasi huwa ni kupunjwa.

Kila kiungo kipate gundi na skrubu nne za milimita 50, zilizotobolewa kwanza kwa biti ya milimita 3. Bila kutoboa, plaiwudi hupasuka tabaka. Kabla gundi haijakauka pima kona kwa kona ndani ya uso wa mbele: zote mbili ziwe sawa, na kwa kasha hili ni milimita 609. Zikitofautiana milimita tatu tu, tayari reli moja itakuwa juu ya mwenzake na utailaumu dreli. Nyuma usifunge ubao mzima. Kanda mbili za upana wa sentimita 8, moja juu na moja chini, zinazuia kasha kulala upande na zinaacha hewa na mikono ipite.

Reli zifungwe milimita 20 ndani kutoka ukingo wa mbele, kwa skrubu nne za milimita 16 kila moja. Ya milimita 20 inabakiza milimita moja tu kabla ya kutokeza nje ya ubavu. Acha milimita 3 juu na 3 chini ya reli.

Vifaa visivyo na masikio, kama saundi kadi ndogo za mezani au diski ya nje, vinahitaji trei. Kipande cha plaiwudi ya milimita 12 kinachokaa juu ya vipande viwili vya mbao vilivyofungwa mbavuni kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko trei nyingi za bati. Amplifaya nzito na ndefu nayo iwekewe vipande hivyo hivyo chini ya mkia wake. Kuining'iniza kwa masikio peke yake kunapinda masikio, na uzito wote unabaki kwenye bolti nne za mbele.

Njia za mkato zinazofaa

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni kutotengeneza kasha. Kama meza ya studio bado haijaundwa, mwambie seremala aache upande mmoja nafasi ya milimita 490 kati ya mguu wa ubao na ubao wa pili wa kusimama. Funga reli humo. Umelipia kipande kimoja cha ubao na mita moja ya chuma.

Huko Ulaya watu wamezoea kufunga vifaa kati ya miguu ya meza ndogo ya IKEA iitwayo LACK, kwa sababu uso wake una sentimita 55 na kila mguu sentimita 5, hivyo katikati zinabaki 45 barabara. Wazo hilo linahamishika. Seremala wa Chikongola akikupa meza fupi yenye miguu ya mninga ya mbili kwa mbili iliyoachana milimita 450, unafunga vifaa moja kwa moja kwa skrubu za mbao, tena miguu hiyo si mitupu ndani kama ya LACK. Tatizo ni kwamba tundu linaangukia milimita 7.5 tu kutoka ukingo wa mguu, kwa hiyo bila kutoboa kwanza kwa biti ya milimita 3 mbao itachanika. Na njia hii ni ya vifaa vinavyokaa, si vya kutolewa kila wiki kwenda kwenye shughuli.

Kuna pia makabati ya mtandao ya ukutani, yale ya 6U au 9U yanayobaki ofisi zikibadilisha mitambo ya kamera na intaneti. Kipimo ni kile kile. Yana matundu ya mraba, kwa hiyo omba na nati zake maalumu. Ng'oa mlango wa kioo, na pima kina: kabati la nje milimita 450 linakubakishia 400 au pungufu ndani, na nyuma ya kifaa unahitaji sentimita 8 hadi 10 za jeki na mkunjo wa waya.

Joto, uzito na mpangilio

Kizito kikae chini, hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba amplifaya ya spika, pamoja na transfoma yake, isikae jirani na priampu ya maiki, kile kifaa kinachokuza sauti ndogo ya maiki. Sumaku ya transfoma inaingia kwenye saketi ndogo na unapata mngurumo ambao hakuna waya utakaouondoa. Ziweke ncha mbili za raki, na katikati vitu visivyo na makuu, kama pachibei.

Angalia kila kifaa kinatolea joto wapi. Chenye matundu juu kiachiwe 1U tupu juu yake. Chenye matundu ubavuni kinapumulia ule mwanya kati ya mwili wake na ubavu wa kasha, usiuzibe kwa nyaya. Kwa joto la Februari, chumba kimefungwa kwa sababu ya kurekodi na feni imezimwa, hewa ya chumba yenyewe tayari ni ya moto, kwa hiyo nafasi tupu zina faida kuliko unavyodhani. Ikibidi kuweka feni, chukua ya kompyuta ya milimita 120, ifunge nyuma juu ikivuta hewa kutoka ndani, na uiendeshe kwa adapta ya volti 9 badala ya 12. Inazunguka taratibu na maiki haiisikii.

Umeme

Soketi zetu ni volti 230 za pini tatu, na soketi moja ya ampea 13 ina uwezo wa wati 2,990. Studio ndogo haifiki hata robo yake. Kwa hiyo raki nzima, kompyuta na spika vichukue umeme kutoka soketi moja, kupitia ekstensheni moja nzuri iliyofungwa ndani ya raki. Ukichukua saundi kadi kutoka ukuta huu na spika kutoka ukuta ule, umetengeneza mzunguko wa ethi, yaani njia mbili za ethi zinazounganishwa na waya wa sauti zikawa duara, na huo ndio mngurumo wa studio nyingi.

Usikate pini ya ethi wala kutumia adapta ya pini mbili ili kunyamazisha mngurumo. Unanyamaza, ndiyo, na siku kifaa kikipata hitilafu, mwili wa chuma unaoushika unakuwa na umeme. Mwite fundi umeme apime kama waya wa ethi wa nyumba umefika kweli kwenye fimbo iliyozikwa. Nyumba kadhaa zina soketi za pini tatu na nyuma ya ile ya tatu hakuna kitu. Mngurumo utibu kwa nyaya za balansi (zenye waya mbili za sauti ndani ya ngao moja), na kwa kutenganisha njia: nyaya za umeme zishuke upande mmoja wa raki, za sauti upande mwingine, na zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba.

Umeme ukikatika, zima amplifaya kwa swichi yake kabla haujarudi. Stebilaiza na UPS zikae nje ya raki, sakafuni juu ya kibao: betri ni nzito, transfoma zake zinanguruma, na zile za rilei zinagonga katikati ya teki, wakati unarekodi.

Chumvi, mchwa na salfa

Raki iliyoundwa vizuri inaweza kuharibika Mtwara mjini kwa sababu moja tu: hewa ya bahari. Chuma cha pembe kipakwe rangi ya kuzuia kutu mikono miwili kabla ya rangi ya juu, na kwanza kisafishwe kwa brashi ya waya. Rangi juu ya kutu hubanduka nayo. Matundu yenye hesi usiyapake rangi, yapake grisi. Bolti za chuma kisichoshika kutu zina bei zaidi, lakini ni 30 tu, na ndizo utakazozifungua miaka mitano baadaye.

Kasha lisigusane na ukuta wa nje. Acha sentimita 15, na liinue sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni kwa miguu ya mninga, ambapo utaona njia ya mchwa kabla haijafika kwenye plaiwudi. Nyuma bandika wavu wa dirisha dhidi ya mijusi na mende, ambao hupenda joto la ndani ya vifaa, na uukung'ute kila mwezi maana ukijaa vumbi unaziba hewa. Ukifunika raki usiku tumia kitambaa cha pamba. Nailoni inafungia unyevu ndani.

Kwa walio Newala, Tandahimba na Masasi kuna jambo la ziada. Wakati wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, vumbi la salfa husafiri na upepo, na salfa huifanya shaba na fedha kuwa nyeusi. Viungo vya jeki, swichi na pachibei vina metali hizo, kwa hiyo dalili zake ni sauti inayokatika upande mmoja na nobu inayokwaruza. Miezi hiyo madirisha ya upande wa shamba yafungwe, raki ifunikwe kila kazi inapoisha, na msimu ukipita chomoa jeki zote, zifute kwa kitambaa chenye isopropili, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, kisha pulizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme ndani ya soketi za pachibei umeme ukiwa umezimwa. Iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha.